Kifungo cha Nondo

Sajini Nerida Hosking aliandika jina la msichana aliyepotea, na mtandao ukamletea asali.

Ilikuwa asali ya kutamanisha, chupa ya mviringo yenye kibandiko cheupe, na juu yake maandishi ya kahawia: Coralie. Chini ya asali kulikuwa na waridi linaloitwa Coralie, na maelezo marefu ya namna ya kulipogoa. Chini ya waridi, nyumba ya wageni ya Coralie, mahali pa kuotea moto, mbwa wanakaribishwa. Kisha njia ya matembezi ya Coralie. Kisha sabuni. Sajini alisukuma kwa kidole, akapita ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Binti mwenyewe hakuwemo.

"Endelea," alisema Alby Pask kutoka upande wa pili wa meza ya jikoni. "Yuko huko chini. Usichoke."

Alimkuta mkiani kabisa mwa ukurasa wa nne. Picha ya msichana mwenye koti la mvua la njano, anacheka huku upepo ukimpiga nywele usoni, na juu yake maneno matatu: Mtafute Coralie Pask.

"Nani anafika ukurasa wa nne, mzee?"

"Hakuna. Mwalimu Ilse alitwambia siku ya kwanza ya darasa la tovuti. Mtu akikosa kitu ukurasa wa kwanza, anaamini hakipo duniani."

Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya Tarrant kama inavyonyesha karibu kila siku katika pwani ile ya magharibi ya Tasmania, na mabati ya jikoni yalikuwa yakipiga kelele kiasi kwamba waliinua sauti bila kujijua. Sajini alikuwa ameendesha gari kutoka Burnie kwa sababu Alby hakuacha kupiga simu kituoni kila Jumatatu, hadi alipopatikana mtu wa kumsikiliza. Faili alikuwa amelisoma. Coralie alipotea mwaka juzi, majira ya baridi. Gari lake lilikutwa bandarini Devonport, inakotoka meli ya Melbourne, ufunguo ndani. Garrick Loane, mwenye nyumba za wageni ambazo Coralie alikuwa akizifanyia usafi, aliwaambia polisi kwamba binti alikuwa amechoshwa na mvua na kila siku anazungumzia Melbourne. Jina lake halikuwa katika orodha ya abiria wa meli, lakini ofisa wa wakati ule aliona kwamba huenda alipanda ndani ya gari la mtu. Faili likaingia kwenye kabati.

"Mwanzoni alikuwa wa kwanza," alisema Alby. "Ukiandika jina lake tu, unamwona. Watu walituandikia kutoka Perth, kutoka Darwin, hata New Zealand. Kisha akaanza kushuka. Mke wangu alikuwa anaamka asubuhi, hata chai hajanywa, anafungua mashine. Anasema, Alby, leo yuko wa sita. Alby, leo simwoni. Ndivyo alivyokufa, Sajini. Anamtazama mwanawe anashuka."

Sajini aliitazama tena picha ya koti la njano.

"Mimi nimechimba bati chini ya ardhi maisha yangu yote," Alby aliendelea. "Kitu kinachotitia chenyewe nakijua, na kitu kinachofukiwa nakijua. Huyu anafukiwa."

"Ni ukurasa huu mmoja tu ulio nao?"

"Kila kitu chake kina ukurasa. Mwalimu alinishauri. Alisema, usiandike jina peke yake, Alby. Mtu akiokota kiatu porini hajui jina la mwenye kiatu, ataandika alichokiona. Basi nikaandika mkoba wake. Viatu vyake. Koti. Hata vifungo vya koti."

"Vifungo vina nini?"

Alby aliinuka, akafungua droo ya vijiko, akaweka mezani kipande cha bati chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kilikuwa nondo, yule mdudu wa usiku anayezungukazunguka taa, mabawa ameyakunjua.

"Vile vya dukani vilikatika, nikamsubia vingine. Bati la machimbo yetu wenyewe. Tangu mtoto alikuwa akiwakusanya nondo hawa, amewajaza kwenye chupa. Kalibu ya kumiminia bati niliichonga mimi, na nikaharibu bawa moja likawa fupi. Nikataka kuchonga nyingine, akanikatalia. Akasema mdudu wake kavunjika bawa na bado anaruka."

Sajini alikigeuza kifungo mkononi. Bawa la kushoto kweli lilikuwa fupi.

"Kuna mwingine ana vifungo kama hivi?"

"Nani awe navyo? Baada ya koti lile niliitupa kalibu."

*

Desmond Quill, mwenye asali, aliishi mwisho wa barabara ya changarawe, mahali ambapo msitu unaanza kujifunga. Jina lake lilikuwa ndani ya faili. Jirani mmoja alisema aliona gari lake la mizigo nje ya nyumba ya Coralie jioni ile ya mwisho. Quill alimpokea Sajini akiwa bado amevaa kofia yake ya wavu, wala hakumkaribisha ndani.

"Asali yako inaitwa Coralie."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini isiitwe?"

"Kwa sababu baba yake akimtafuta mwanawe anaikuta chupa yako."

Quill alivua kofia. Alikuwa na uso wa mtu anayezungumza zaidi na nyuki kuliko watu.

"Hilo sikulijua, afande. Naapa sikulijua."

"Jioni ile ulienda kwake."

"Nilikwenda. Nilimpelekea sega. Kila nikivuna nilikuwa nampelekea. Cheka ukitaka, mji mzima ulikuwa unacheka."

"Sicheki."

"Hakunipenda. Aliipenda asali." Alitazama mizinga yake chini ya manyunyu. "Siku hiyo alipokea sega mlangoni, akaniambia, Des, hii itakuwa ya mwisho. Nikadhani ameshapata mtu. Nilirudi hapa, dada yangu alikuwa amekuja kutoka Hobart, tulikaa naye mpaka asubuhi tukizungumza. Wenzako walimuuliza, aliwaambia."

Hilo nalo lilikuwa ndani ya faili, na Sajini alikuwa ameshalihakikisha kwa simu kabla ya kuja. Alitaka tu kumsikia Quill akilisema.

"Jina la asali lilikuwa wazo la nani?"

"La Garrick Loane. Mimi hata barua pepe inanishinda. Alinitengenezea tovuti bure. Akasema, Des, weka jina lake, watu watamkumbuka, na wewe utauza. Andika habari ndefu, jina ulirudie mara nyingi. Nikaona ni heshima."

"Kuna wengine aliowatengenezea?"

"Darasa zima. Mama wa sabuni, yule mzee wa mawaridi. Mtu mwema sana Garrick, hachoki. Kila ukimwita anakuja na laptopu yake."

Sajini alishukuru, akarudi garini. Alikaa kidogo bila kuwasha injini. Kupitia kioo alimwona Quill amesimama palepale, kofia mkononi, kama mtu aliyeambiwa leo kwamba jiwe aliloliweka kaburini kwa upendo limemfunika mtu aliye hai.

*

Ilse Vandersluis alikuwa akifundisha katika Nyumba ya Jamii, nyuma ya zahanati, kila Alhamisi. Wazazi wake walikuja kutoka Uholanzi kulima viazi, yeye akaishia kuwafundisha wauza jamu na wenye vibanda vya wageni namna ya kuonekana mtandaoni. Sajini alimkuta anakusanya vikombe. Darasa lilikuwa limetoka, na viti vilikuwa bado vimeshika harufu ya makoti mabichi.

"Nifundishe kama mwanafunzi wako," alisema Sajini. "Ukurasa unapandaje?"

Ilse alivuta kiti. "Chukulia mgeni anaingia Tarrant na hakuna kibao hata kimoja. Anauliza watu, nani ana kitanda kizuri? Yule anayetajwa na watu wengi ndiye anayepata mgeni. Mtambo wa kutafutia unafanya hivyohivyo. Ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi unapanda. Ukitumia maneno yaleyale anayoyaandika mtafutaji, unapanda. Ukiwa na habari mpya, picha zenye majina, unapanda. Ukiutelekeza, unashuka."

"Na nikitaka kumshusha mwenzangu?"

"Yeye huwezi kumgusa. Unachoweza ni kuwapandisha wengine juu yake, mpaka asionekane."

"Alby anasema kuna mtu anafanya hivyo."

"Aliniambia. Nilimjibu mtandao ndivyo ulivyo, jina likipendeza watu wanalitumia." Alizungusha kikombe mezani. "Nilimjibu vibaya. Lilikuwa jibu rahisi."

Alifungua mashine, akaanza kuzipekua zile kurasa moja baada ya nyingine. Sajini alimwona akibadilika uso. Asali ilikuwa inataja waridi. Waridi linataja sabuni. Sabuni inataja nyumba ya wageni. Na zote zilikuwa zinatajwa na vijitovuti vingine visivyo na mwenyewe, vya safari na mapishi, ambavyo maandishi yake yalikuwa yamefanana kama watoto wa mama mmoja.

"Huyu ni mtu mmoja," alisema Ilse. "Na amefundishwa na mimi. Hata mpangilio wa vichwa vya habari ni wangu."

"Kati ya kurasa zote za Alby, upi umezama zaidi?"

Ilse alijaribu jina. Alijaribu mkoba. Alijaribu viatu, na viatu vya Coralie vilikuwa bado viko juu, hakuna aliyevisumbua. Kisha akaandika: kifungo cha bati, nondo. Likaja duka. Chini yake likaja duka lilelile kwa ukurasa mwingine, na mwingine, historia ya vifungo vya nondo, namna ya kusafisha vifungo vya nondo, zawadi za vifungo vya nondo. Ukurasa wa Alby haukuonekana kabisa.

"Ajabu," alisema Ilse. "Maneno haya hakuna anayeyatafuta. Tazama, hapa kuna kipimo cha watafutaji, ni kama sifuri. Mimi nawaambia wanafunzi, usipoteze nguvu kwa neno lisilo na wateja."

"Jaribu kununua kimoja."

Ilse alibonyeza picha. Haikwenda popote. Picha yenyewe ilikuwa ya nondo wa kuchora. Duka halikuwa na bei, halikuwa na kikapu cha mnunuzi, halikuwa na simu.

"Kuna mtu amefungua duka lisilouza kitu," alisema Sajini taratibu, "kwa ajili ya wateja wasiokuwepo. Anamsubiri mtu mmoja tu. Yule atakayekiokota kifungo na kutaka kujua ni cha nani."

Mvua ilipungua ghafla.

"Lilifunguliwa lini, na nani?"

Ilse alitafuta, kisha akaondoa mikono kwenye mashine kama imemchoma. "Limesajiliwa kwa jina la darasa langu. Nilikuwa na akaunti ya mazoezi, nenosiri niliandika ubaoni." Alimtazama Sajini. "Unaweza kunishuku na mimi."

"Nimeshakushuku tangu niingie. Lini?"

"Mwaka jana, baada tu ya Pasaka."

Sajini alisimama, akaenda dirishani. Coralie alikuwa ameshapotea karibu mwaka mzima wakati huo. Jina lake lilikuwa likifukiwa tangu mwanzo, lakini kifungo kilikuwa kimeachwa kwa amani hadi Pasaka. Kwa nini aliyekuwa na amani ashtuke?

"Tovuti ikibadilishwa, ile ya zamani inakwenda wapi?"

"Mara nyingine inabaki. Kuna ghala mtandaoni linalohifadhi nakala za kurasa za kale. Mwenye tovuti anafuta kwake, huko haifutiki."

"Niletee nyumba za wageni za Garrick Loane, kabla ya Pasaka na baada."

Ilse hakuuliza kwa nini yeye. Alikuwa ameketi na wanafunzi wale, alijua nani hachoki. Nakala zikafunguka polepole, moja baada ya nyingine, na wakazipitia kama watu wanaofungua vyumba vya nyumba iliyohamwa. Hii ni nyumba ya mwisho karibu na kijito, majani matupu mbele yake. Hii ni nyumba ileile msimu uliofuata, na mbele yake baraza pana ya mbao mpya. Chini ya picha Loane alikuwa ameandika kwa fahari kwamba ameijenga kwa mikono yake, Julai.

"Nani anajenga nje mwezi wa Julai hapa Tarrant?" aliuliza Sajini.

"Hakuna. Ni katikati ya baridi, udongo wote ni uji."

Waliendelea mpaka kwenye maoni ya wageni. Mengi yalisifu moto na ukimya. Moja, la wiki ya Pasaka, liliandikwa na mama aitwaye Odette Farrugia wa Melbourne. Mahali pazuri sana, alisema. Mwanangu aliokota kifungo cha kupendeza chini ya baraza, cha bati, chenye umbo la nondo. Tumeondoka nacho kama kumbukumbu, natumaini mwenye nyumba hatatufunga.

Katika nakala iliyofuata, maoni yale hayakuwepo.

Ilse alijifunika mdomo. "Nilimfundisha mimi. Alikuwa anakaa pale, karibu na hita. Alby alikuwa anakaa kiti cha pili yake. Nilisema mbele yao wote wawili, andikeni kile mtu atakachokitafuta."

"Ulimfundisha Alby pia," alisema Sajini. "Bila ukurasa ule wa kifungo, huyu asingekuwa na la kuogopa."

*

Odette Farrugia alipokea simu akiwa anapika. Sauti ya mafuta ilisikika kwanza, kisha yake.

"Tarrant? Naikumbuka. Tulilowa siku zote. Kuna tatizo gani, afande?"

"Mwanao aliokota kifungo."

"Jamani, kumbe mnakitafuta mpaka leo. Kile kifungo cha mama yake?"

Sajini aliinua kalamu. "Mama yake nani?"

"Yule mwenye nyumba. Aliniandikia tulipofika tu nyumbani. Akasema ni cha marehemu mama yake, akaniomba nikirudishe kwa posta. Akaandika tena, na tena. Nilitaka kukirudisha, kweli nilitaka, lakini mtoto alilia sana, na mimi moyo wangu ukanishinda." Alishusha sauti. "Nikamjibu kimepotea. Nilimwambia labda kimedondoka sokoni, au kwenye treni. Ni dhambi ndogo, lakini imenikera mpaka leo. Ameshitaki?"

"Hajashitaki. Kifungo kiko wapi?"

"Kwa Bruno."

"Bruno ni nani?"

"Mdoli wa mwanangu. Wombati wa manyoya. Alikuwa ameng'oka jicho moja, nikamshonea kile kifungo. Ngoja nikupigie picha."

Picha ilifika na harufu yote ya jiko la mtu mwingine ilikuwa kama imefika nayo. Wombati wa kahawia, mnene kama dubu mdogo, aliyechakaa kwa kukumbatiwa. Jicho la kulia lilikuwa la kioo cheusi. La kushoto lilikuwa nondo wa bati, na bawa lake moja lilikuwa fupi.

"Mama Farrugia," alisema Sajini, "naomba umweke Bruno kwenye mfuko safi na usimguse tena. Askari atakuja. Mwambie mtoto atarudishiwa."

"Kifungo ni cha nani, afande?"

Kabla Sajini hajajibu, sauti ya mafuta kule upande wa pili ikakatika.

*

Garrick Loane aliwafungulia asubuhi akiwa na fulana ya sufi iliyopigwa pasi na tabasamu la mtu anayezoea kupokea wageni. Magari mawili yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, na wanaume waliokuwa wakishusha sepetu na mashine za taa hawakuwa na haraka.

"Karibu, Sajini, utalowa. Chai?"

"Asante, sitakunywa. Hiki ni kibali cha upekuzi. Kisome taratibu."

Alikisoma. Akakaa, akamwonyesha Sajini kiti.

"Nasikia wewe ndiye fundi wa tovuti wa mji mzima," alisema Sajini.

"Nasaidia majirani tu."

"Umewasaidia wote kwa jina moja."

Loane aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejiandaa kwa swali hilo. "Nitasema kweli. Wageni walikuwa wakiandika jina la mji huu wanakutana na msichana aliyepotea. Wanaghairi. Nani atake kulala mahali kama hapo? Mji ulikuwa unakufa. Nikafanya tuliyofundishwa. Si uungwana kwa Alby, nakubali, nitamwomba radhi. Lakini si jinai."

"Si jinai. Baraza ya ile nyumba ya mwisho uliijenga lini?"

"Kiangazi."

"Picha zako mwenyewe zinasema Julai."

"Basi Julai. Nani anakumbuka?"

"Na duka la vifungo?"

"Duka gani?"

"Vifungo vya bati vya nondo. Tovuti nzima, na hakuna cha kununua."

"Ah, lile. Lilikuwa zoezi la darasa. Tuliambiwa tuchague bidhaa yoyote tuipandishe. Mimi nikachagua niliyoiona kwanza."

"Yoyote," alisema Sajini. Hakubishana naye. Alitoa simu, akaiweka mezani, akaigeuza ili picha imwelekee.

Loane aliinama. Wombati alimtazama kwa jicho la kioo na jicho la bati. Nje, mtu alikuwa ameanza kung'oa ubao, na msumari ulikuwa ukitoka kwa mlio mrefu. Loane hakugeuka kusikiliza. Alikuwa akiitazama picha kama mtu anayejaribu kuhesabu kitu kilichokwisha kuhesabiwa.

"Yule mama aliniambia kimepotea," alisema.

Sajini alimwacha alisikie mwenyewe alilolisema. Kisha akamsomea haki zake, neno kwa neno, kwamba si lazima aseme chochote, kwamba atakalolisema litaandikwa.

"Sina la kuandikwa," alisema Loane. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, misafi, kucha zimekatwa vizuri. Akazitazama, kisha akasema, bila kuulizwa, "Alikuwa anaondoka kweli. Hapo sikudanganya. Nilimwambia asiondoke."

Saa sita ilikuwa haijafika waliposimamisha sepetu kule nje. Mmoja wa vijana wa uchunguzi alikuja mpaka mlangoni, akavua kofia mvuani, akamwinamishia Sajini kichwa. Sajini alikwenda kuona. Walikuwa wameondoa mbao zote na wakashuka polepole kwa mikono kwenye tope jeusi, na huko chini, rangi ya koti ilikuwa bado njano.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika na kazi. Kijito kilikuwa kikipita karibu. Watu walikuwa wamelala juu ya kelele ile ya maji, wakaandika kwamba ni mahali pa utulivu.

*

Hakumpigia Alby simu. Jambo kama hilo hakutaka limfikie kupitia waya.

Alby alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa ameyaona magari yakipita, kama mji wote ulivyoyaona, na alikuwa amevaa shati safi. Hakuuliza habari. Macho yake yalishuka kutoka usoni mwa Sajini, yakapita koti, yakafika kwenye viatu vyake. Tope lilikuwa limepanda mpaka kwenye vifundo, jeusi, bado bichi.

"Huo ni udongo wa wapi?" aliuliza.

"Wa kwa Loane, mzee. Chini ya baraza."

Alby alishika fremu ya mlango. Alibaki hivyo, kichwa kimeinama, akiutazama udongo ule kama mchimbaji anavyoutazama, rangi yake, unyevu wake, kina ulikotoka. Sajini, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, na kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyofanya mlangoni mwa watu Tarrant, aliinama kufungua kamba za viatu.

"Usivivue," alisema Alby.

"Nitakuchafulia nyumba, mzee."

"Usivivue, binti yangu," alisema tena, akajitoa mlangoni ampishe. "Ingia navyo."